Mafuta ya mimea yanarudi kwa jina jipya: kabla kijiji hakijagonga muhuri, tukumbushane Kisarawe, Kilwa na Bagamoyo

Shamba_Ruvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye makundi ya wakulima habari zimeanza tena. Wapo watu wanaopita vijijini kuulizia ardhi ya "mazao ya nishati". Safari hii mbono (jatropha) hautajwi. Wanataja nyonyo, mtama mtamu, mihogo, na wanaongeza kwamba ndege za Ulaya zinahitaji mafuta ya mimea kwa hiyo soko lipo. Naomba tulijadili kwa kina, maana wengi waliokuwa watoto mwaka 2008 leo ndio wajumbe wa halmashauri za vijiji.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda. Mafuta ya mimea yana nafasi yake kwenye nishati ya kesho. Nafasi hiyo ni ndogo kuliko tunavyoambiwa, na iko zaidi kwenye mabaki ya mazao tunayolima tayari kuliko kwenye mapori mapya. Kijiji kinachotoa maelfu ya hekta kwa zao ambalo hakuna aliyewahi kulivuna kwa faida hapo hapo kinabeba hatari yote peke yake.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 2003 hadi 2009 Umoja wa Ulaya uliweka malengo ya kuchanganya mafuta ya mimea kwenye petroli na dizeli, na sheria ya 2009 ikasema asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Katikati ya hapo bei ya mafuta ghafi ikapanda, na Julai 2008 pipa likagusa dola 147. Kila mwenye mtaji akaanza kutafuta ardhi Afrika, na zao lililovuma likawa mbono kaburi, ule mti ambao wazee wetu waliupanda uzio na makaburini. Sifa zake zilikuwa tamu masikioni: unastahimili ukame, unaota kwenye ardhi mbovu, mifugo hawauli, na kwa kuwa mbegu zake haziliwi haugombanii chakula na mtu.

Kisarawe, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ikapewa zaidi ya hekta 8,000 zilizomegwa kwenye vijiji 11, kwa miaka 99. Ikapanda sehemu yake tu. Mwaka 2011 ikafilisika, mamia ya vibarua wakarudishwa nyumbani na mradi ukaenda kwa mmiliki mwingine. Wanakijiji walilalamika hadharani kuhusu fidia, kuhusu ahadi za huduma, na kuhusu njia za kwenda visimani na makaburini kwao.

Kilwa, kampuni ya Uholanzi iitwayo Bioshape ilipata takriban hekta 34,000 kwenye misitu ya miombo upande wa Mavuji. Miti ikakatwa, mbono ukapandwa sehemu ndogo tu, na mwaka 2010 kampuni nayo ikafilisika.

Bagamoyo ilikuwa miwa. Kampuni ya SEKAB ya Uswidi ilianza, mradi ukapita kwa EcoEnergy, na mpango wenyewe baadaye ukaegemea zaidi sukari kuliko mafuta. Serikali ikafuta hati ya ardhi, wawekezaji wakaenda ICSID, baraza la kimataifa la kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 160. Ile ndege ya Air Tanzania iliyozuiwa Uholanzi mwishoni mwa 2022 ilizuiwa kwa sababu ya deni hili hili. Ardhi iliyopimwa kwa ajili ya miwa Bagamoyo iliishia kuwagusa hata wasiojua Razaba, lilipokuwa eneo la mradi, iko wapi.

Sasa hesabu yenyewe. Mbono usiomwagiliwa, kwenye ardhi ya kawaida ya huku kwetu, mara nyingi haufikishi hata tani moja ya mbegu kwa hekta. Tuupe hiyo tani moja kamili. Ukikamua kwa mashine ya kawaida unahitaji kama kilo 4 za mbegu kwa lita moja. Hizo ni lita 250 kwa hekta kwa mwaka mzima. Toa kodi ya trekta, palizi, wachumaji, usafiri wa mbegu, kukamua na kuchuja, uone mkulima anabaki na nini.

Uchumaji nao una shida yake. Kwenye kishada kimoja cha mbono utakuta tunda bichi, la njano na jeusi lililokauka kwa wakati mmoja. Huwezi kupitisha mashine, lazima mtu arudi kwenye mti ule ule tena na tena, achume jeusi aache bichi, kisha apukuchue. Utomvu wake ukidondokea shati, doa halitoki. Mashudu yake ni sumu, ng'ombe hali. Alizeti ukiikamua unauza mafuta na mashudu, pamba vivyo hivyo. Mbono unakupa mafuta tu, na mafuta yenyewe lazima yashindane bei na dizeli ya bandarini.

Ule msemo wa "ardhi mbovu" ndio uliotuponza. Mti kustahimili ukame ni jambo moja, kuzaa kwenye ukame ni jambo lingine. Kampuni zilipoona hivyo zikaanza kutaka ardhi yenye rutuba na karibu na maji, yaani ile ile ya mahindi.

Karibuni. Wenye takwimu na uzoefu, mtiririke.

Semitrela_T1

Mkuu Shamba_Ruvu, hizo lita 250 umenifanya nipige hesabu ya barabarani. Gari ikiwa na mzigo kamili, kwenda Tunduma naihesabia lita moja kwa kilomita mbili, na Kitonga inakula zaidi. Kwa hiyo hekta nzima ya mbono, jasho la mwaka mzima, inanitoa Dar na kunifikisha Iringa. Kurudi, hekta nyingine. Na ukisimama Tunduma foleni ya malori unajua ni mangapi.

Mdau_wa_Miwa

Naheshimu uchambuzi wako kiongozi, ila unahukumu familia nzima kwa kosa la mtoto mmoja. Mbono ulishindwa, sawa. Mbona Brazil hawakushindwa?

Brazil ilianza mpango wa Proálcool Novemba 1975, baada ya bei ya mafuta kupaa 1973. Walikuwa wanaagiza sehemu kubwa ya mafuta yao, wakaamua miwa iwe kisima chao. Mwaka 1979 gari la kwanza la ethanoli tupu, yaani spiriti ya miwa, likaanza kuuzwa, Fiat 147. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya asilimia 90 ya magari madogo mapya yalikuwa ya ethanoli. Mwaka 2003 wakaleta magari yanayokunywa chochote, petroli au ethanoli au vyote pamoja. Leo petroli yao yote ina ethanoli ndani, ilikuwa asilimia 27 kwa miaka mingi, na Agosti 2025 wamepandisha hadi 30. Mwenye gari kule akifika kituoni anapiga hesabu ya haraka: ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli anaweka ethanoli, kwa sababu lita yake inakwenda umbali mfupi zaidi.

Na kiwanda chao hakinunui hata kuni. Makapi ya miwa yanachomwa, yanatoa mvuke na umeme, wa ziada unauzwa gridi ya taifa. Sisi tuna Kilombero, Mtibwa, Kagera, TPC Moshi, na sasa Bagamoyo. Tuna mito. Tuna vijana. Kwa nini tuendelee kupeleka dola Uarabuni kila mwezi? Ukiwatisha watu kwa Kisarawe unafunga mlango ambao nchi nyingine zimeupita.

Shamba_Ruvu

Mdau, hoja yako ni nzito na ndiyo niliyoitaka. Brazil walifanikiwa kweli. Lakini tazama walianzia wapi. Walikuwa na karne nne za kulima miwa, viwanda vya sukari tayari, serikali iliyokopesha na kulazimisha kampuni ya mafuta ya taifa kununua ethanoli, na utafiti wa mbegu uliowekewa fedha kwa miongo. Hakuna aliyeingia kijijini na mbegu isiyojulikana. Na hata wao, mwishoni mwa miaka ya 1980, bei ya sukari ilipopanda viwanda vikageukia sukari, ethanoli ikaadimika vituoni, na wenye magari ya ethanoli tupu wakakaa foleni. Ilichukua zaidi ya miaka 10 imani kurudi.

Tazama sasa vipimo vyetu. Tanzania tunazalisha sukari takriban tani laki nne kwa mwaka, ikipungua na kuongezeka kulingana na mvua, na bado mwaka wa mvua kubwa tunaagiza. Molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, kwa makadirio ya kawaida ya tani 4 kwa kila tani 100 za miwa, ni kama tani 160,000. Ukiichachua yote bila kubakiza hata ya ng'ombe unapata kama lita milioni 40 za ethanoli. Petroli tunachoma zaidi ya lita bilioni moja kwa mwaka. Hizo milioni 40 si haba, ni dola ambazo hazitoki nje. Ila hatujaagana na meli za mafuta. Na molasi hiyo ina wagombea wengine: Kilombero wanayo mitambo ya kutengeneza spiriti, na spiriti inakwenda kwenye vinywaji ambako bei ni nzuri kuliko kwenye tangi la gari.

Mfano ninaoupenda mimi uko karibu zaidi, ni Malawi. Nchi isiyo na bandari, kila lita ya petroli inasafirishwa kwa lori kupitia kwetu au Msumbiji. Tangu 1982 wanachachua molasi ya kiwanda cha sukari cha Dwangwa, kando ya Ziwa Nyasa, na kuichanganya kwenye petroli. Hawakuhamisha kijiji ili wapate molasi, ilikuwa mabaki ya kiwanda kilichokuwapo. Miaka zaidi ya 40 mpango umeishi, kiasi cha mchanganyiko kikipanda na kushuka kufuatana na mavuno. Huo ndio ukubwa wa jambo hili kwa nchi kama zetu.

Injinia_Pangani

Niongeze upande wa fizikia, kwa sababu watu wanasahau kwamba shamba la mafuta ni mtambo wa kukusanya jua, na ni mtambo dhaifu sana.

Hekta moja ya paneli za sola hapa nchini inaweza kutoa zaidi ya uniti milioni moja za umeme kwa mwaka. Hekta ya miwa inayomwagiliwa vizuri, ya kiwango cha TPC, tuseme tani 120, ukiigeuza yote kuwa ethanoli unapata kama lita 9,600, ambazo ni joto la uniti 56,000 hivi. Ongeza umeme wa makapi, bado hufiki popote karibu na paneli. Hekta ya mbono ya mwanzisha uzi, lita 250, ni uniti 2,400 za joto, na injini ya dizeli inapoteza zaidi ya nusu ya hizo. Mmea unaubadilisha mwanga wa jua kuwa nishati kwa asilimia moja au chini yake, paneli ni kama asilimia 20.

Kwa hiyo kila kinachoweza kutumia umeme kitumie umeme. Treni ya SGR tayari inakwenda Dodoma kwa umeme tangu 2024. Bodaboda za betri zimeanza. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Kumwagilia hekta 10,000 ili mabasi ya mjini yatembee kwa ethanoli, wakati basi hilo linaweza kuchajiwa, ni kutumia maji vibaya.

Kinachobaki ni vyombo visivyoweza kubeba betri, na mkubwa kuliko vyote ni ndege ya masafa marefu. Hapo mafuta ya mimea yana kazi halisi kwa miongo ijayo. Sheria ya Ulaya inataka mafuta ya ndege yanayotiwa kwenye viwanja vyao yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu kuanzia 2025, 6 mwaka 2030, ipande hadi 70 mwaka 2050. Sheria hiyo haihesabu mafuta yanayotokana na mazao ya chakula na malisho. Ndiyo maana macho yamegeukia mbegu zisizoliwa na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi. Wanaoulizia nyonyo vijijini kwenu wametumwa na asilimia hizo.

Mswahili_wa_Kwale

Salamu kutoka Pwani ya Kenya, ndugu zangu. Huku kwetu nako yalitufika.

Kijijini kwetu mbono uliletwa na watu wa mradi, wakatupa mbegu na semina. Tuliambiwa tukipanda ekari chache tutasomesha watoto. Baba aling'oa mihogo upande mmoja wa shamba. Mbono ulimea vizuri, majani mazito, kivuli kizuri, matunda ya kuhesabu. Tulipojaza gunia la kwanza la mbegu, mnunuzi aliyetuahidi alikuwa hapatikani tena. Gunia lilikaa darini hadi likaingia wadudu. Mihogo ingeliwa.

Mwaka 2009 shirika la Ujerumani la GTZ pamoja na watafiti wa misitu wa ICRAF na KEFRI walizunguka mashamba ya Kenya na kutoa taarifa iliyosema wazi kwamba mavuno ni madogo, hayalipi, na kwamba mbono unafaa kuwa uzio tu. Taarifa hiyo ilitoka wakati bado kuna mpango wa kufyeka maelfu ya hekta kwenye msitu wa Dakatcha, huko Malindi, na mwingine wa Delta ya Tana. Wakazi na watu wa mazingira walipiga kelele miaka kadhaa, na Dakatcha ikasimamishwa. Ule msitu una ndege wasiopatikana sehemu nyingi duniani, kwera wa Clarke (Clarke's weaver) ni mmoja wao.

Kuhusu ethanoli, sisi tulitangulia. Muhoroni ilianza kutoa ethanoli ya molasi kuchanganya na petroli ya Nairobi 1983. Ikafika 1993 ikafa. Bei iliwekwa na serikali, mzalishaji akawa anaona afadhali auze spiriti nje. Teknolojia haikuwa na tatizo.

Na kwa nyonyo: Makueni kilifunguliwa kinu cha kukamulia mwaka 2022 na kampuni ya Eni, mafuta yanakwenda kusafishwa Gela, Italia. Mei 2023 Kenya Airways wakaruka Nairobi hadi Amsterdam na mchanganyiko wenye mafuta endelevu ya ndege ya Eni. Kwa hiyo soko si hadithi. Swali langu ni kwa nini sisi tuuze mbegu, na wao wauze mafuta ya ndege.

MamaLishe_Kibaha

Jamani wote mnazungumza magari na ndege. Mimi napika. Wanawake wengi nchi hii wanapika kwa kuni na mkaa, na serikali imetoa mkakati wa 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 tutumie nishati safi. Gesi nainunua ikipatikana hela, ikiisha katikati ya mwezi narudi kwenye mkaa. Kaka yangu aliniletea jiko la ethanoli kutoka Nairobi, moto wake ni wa bluu, sufuria haipati masizi, na ningeweza kununua mafuta ya siku moja kwa hela ya siku moja. Mtungi wa gesi hauniuzii ya siku moja. Je, hizo lita milioni 40 za Shamba_Ruvu zisingekuwa na kazi zaidi jikoni kwangu kuliko kwenye petroli ya mwenye gari?

Shamba_Ruvu

Dada MamaLishe, umegusa pale nilipotaka tufike. Nakuunga mkono asilimia mia. Familia inayopikia ethanoli tupu inatumia kama lita moja kwa siku au chini kidogo. Milioni 40 kwa mwaka ni nyumba laki moja na zaidi. Ukizimwaga kwenye petroli ya nchi nzima ni kitu ambacho hakuna atakayekiona. Jikoni zinaondoa magunia ya mkaa, na mkaa wa Dar unatoka kwenye miombo ile ile ya Kisarawe, Rufiji na Morogoro.

Shida ni kodi na leseni. Spiriti inatazamwa na sheria kama pombe, kwa hiyo lazima iwekewe rangi na kichungu ili isinyweke, na itozwe kama nishati. Bila hilo haitashuka bei.

Kwa mihogo naomba tahadhari. Tani ya mihogo mibichi inaweza kutoa lita 150 au zaidi, kwa makaratasi ni nzuri kuliko miwa ya mvua. Lakini mihogo ndiyo akiba ya njaa Pwani, Lindi na Mtwara. Kiwanda kikinunua mwaka wa mavuno sawa. Mwaka wa ukame kiwanda kitataka tani zake, na kitalipa kuliko jirani yako. Marekani wanatumia zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao kwa ethanoli, wana ziada ya kufanya hivyo, na bado 2008 dunia nzima ilihisi kwenye bei ya unga.

Mjumbe_Kijiji

Wakuu, nimesoma uzi wote. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mkoa nisiutaje. Tumeletewa barua ya mtu anayetaka hekta 3,000 kwa nyonyo. Anasema ni "matumizi ya muda" na ardhi itabaki yetu. Mkutano mkuu wa kijiji umeitishwa. Tuulize nini?

Wakili_Bara

Mheshimiwa mjumbe, nijibu upande wa sheria, wengine watajazia kilimo.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ili mgeni asiye raia apewe ardhi yenu ni lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla. Hapo ndipo mamlaka ya uwekezaji hushika hati na yeye kupewa haki ya kuitumia. Ikizidi hekta 250, mkutano mkuu wenu unatoa maoni tu, mwenye uamuzi ni Waziri. Kwa hiyo neno "itabaki yenu" si kweli kisheria. Ikishahama, imehama. Kampuni ikifilisika ardhi hairudi kijijini yenyewe, inabaki ardhi ya jumla na anaweza kupewa mwingine. Kisarawe walijifunza hivyo.

Mwambieni alete njia ya mkataba wa wakulima: kila mtu alime kwenye shamba lake, yeye anunue. Hapo hakuna ardhi inayohama. Akikataa kabisa njia hiyo, muulizeni mbele ya mkutano anachokitaka ni nyonyo au ni ardhi. Na muhtasari wa mkutano uandikwe siku hiyo hiyo, idadi ya waliohudhuria, waliokubali na waliokataa, usainiwe kabla watu hawajatawanyika. Karatasi ya mahudhurio isiambatanishwe baadaye na muhtasari mwingine.

Shamba_Ruvu

Upande wa shamba, mjumbe: mwombe mavuno ya nyonyo ya misimu mitatu kutoka shamba lililo na mvua kama yenu, si kutoka India. Mwombe bei ya chini iandikwe kwenye mkataba kwa kilo, na fedha ya msimu wa kwanza iwekwe benki kabla ya kupanda. Muulize kinu kiko umbali gani, kwa sababu nani atalipa lori ni nusu ya biashara. Nyonyo pandeni baina ya mahindi au kwenye mipaka, ekari nzima msitoe mwaka wa kwanza. Na mbegu zifungiwe mbali na watoto na kuku, zina sumu kali.

Mjumbe_Kijiji

Ahsanteni sana. Nimenakili yote kwenye daftari. Mwenyekiti ananiambia mgeni ameomba tusiwaite wafugaji kwenye mkutano kwa kuwa "si wakazi wa kudumu". Hilo limekaaje?

Wakili_Bara

Waiteni. Kama eneo analoomba ndilo lenye malisho na njia ya kwenda mtoni, wao ndio wa kwanza kuumia, na malalamiko yao yakija baada ya hati kutoka mtakuwa hamna la kuwajibu. Leta pia ramani yenu ya matumizi bora ya ardhi. Kama kijiji hakina, mwandikieni ofisa ardhi wa wilaya kwamba mkutano hautajadili ombi lolote mpaka ipimwe.